Mtoto ananiuliza kama nitakuja kesho, na mimi naondoka Februari

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 21, kwetu ni Tanga, nasoma chuo Dar es Salaam mwaka wa tatu. Mwaka huu nilipata ufadhili wa kubadilishana wanafunzi, muhula mmoja tu, nikaja Granada, kusini mwa Hispania. Nilifika Septemba na nitaondoka wiki ya kwanza ya Februari. Chuo cha hapa kina ofisi inayowapeleka wanafunzi kujitolea, nami nikajiandikisha ili Kihispania changu kipate mdomo, maana darasani tunaandika kuliko kusema. Nikapelekwa shule ya msingi ya serikali, darasa la kwanza, watoto 23 wa miaka sita. Naenda Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi mpaka saa sita.

Nilidhani watanicheka, na kweli walinicheka siku ya kwanza niliposema "pero" nikikusudia mbwa. Mtoto mmoja akaja mpaka usoni kwangu akafungua kinywa nione ulimi unavyotetemeka kwenye "perro". Tangu siku hiyo wao ndio walimu wangu. Wananiita seño, kama wanavyomwita mwalimu wao, na mimi nimewazoea kuliko nilivyotarajia.

Tatizo langu ni mtoto mmoja. Nitamwita Yunus, ingawa si jina lake. Familia yake ilihamia hapa kutoka Morocco mwezi Agosti, na shule ilipofunguliwa hakuwa na Kihispania hata cha kuombea maji. Siku yangu ya pili nilimkuta amekaa peke yake mapumzikoni na mkate wake. Nikamtolea salamu, salaam aleikum, nikaongeza maneno machache niliyobaki nayo kutoka madrasa. Mwalimu, yule mtoto alinishika kidole na hakukiachia mpaka kengele ikalia.

Sasa nikiingia tu anahama kiti aje kukaa kwangu. Siku nikiwapo hachezi na mwenzake yeyote. Mwalimu wa darasa amefurahi sana, ametuwekea meza ndogo kwenye ujia nje ya darasa, tunakaa wawili, mimi namfundisha Kihispania. Mimi, ambaye bado nachanganya "ser" na "estar", vitenzi vyao viwili vya "kuwa". Kila nikiaga ananiuliza: "¿Mañana vienes?" Kesho unakuja? Nami namjibu "sí", yaani ndiyo, hata kama kesho ni Jumatano. Wiki iliyopita aliniuliza kama nitakuwapo akiingia darasa la pili. Nikamjibu "sí, claro", ndiyo, bila shaka. Nilirudi chumbani nikalia.

Kuna mengine mawili. Mwalimu wa darasa huwa ananiachia darasa zima akaenda kutoa fotokopi, dakika 10, mara nyingine 20. Juzi mtoto mmoja alipanda kiti akaanguka, akapasuka mdomo. Halikuwa jeraha kubwa, lakini miguu yangu ilitetemeka mpaka jioni. Sijui namwambiaje mtu aliyenizidi umri na ambaye amenipokea vizuri hivi.

La pili, kabla ya likizo ya Desemba shule hii hupokea matarishi wa Wafalme watatu wa hadithi ya kuzaliwa kwa Yesu, wale wanaowaletea watoto zawadi usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari. Nimeombwa niwe tarishi wa Mfalme Baltasar, aliye mweusi. Wenzangu wa bwenini wanasema ni dharau, nikatae. Mama kwenye simu anasema ni watoto tu, nifanye. Mimi ni Muislamu na sijui nisimame wapi. Nimechoka pia kuulizwa makaratasi: kabla ya kuanza walinidai cheti cha polisi kutoka nyumbani, kana kwamba nimetoroka jela. Lakini watoto wananifariji. Picha zao naziweka stetasi, na majirani wote wa mama wanawajua kwa sura.

Binti wa Tanga, Granada

*

Marahaba mwanangu,

Nilifundisha darasa la kwanza miaka 26, Korogwe na Tanga mjini, na nilipostaafu niliishi Sevilla miaka miwili nikimlea mjukuu. Kwa hiyo hizo seño na hiyo mikate ya mapumziko iliyofungwa kwenye karatasi ya fedha naijua. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa ajili ya Yunus. Kabla sijakujibu nina habari ya kukupa ambayo sijawahi kuiandika hapa.

Nilipokuwa na miaka kama 10 kazini, aliletwa shuleni kwetu binti wa miaka 19 kutoka Ulaya, mwenye kujitolea kwa miezi minne. Mimi nilikuwa na watoto 94 kwenye chumba kimoja. Alipoingia nilimshukuru Mungu, na wiki ya pili nilikuwa tayari namwachia chumba nikaenda kupumua chini ya mwembe. Alimpenda mtoto mmoja wa kike, aliyefiwa na mama. Akampakata, akamnunulia viatu, akawa anakula naye. Siku ya kuondoka aliniuliza namna ya kumwambia mtoto kwamba atarudi. Nikamfundisha: "Nitarudi." Akalisema vizuri kabisa, kwa sauti yake nzuri.

Hakurudi, na sikumlaumu, alikuwa mtoto yeye mwenyewe. Yule mdogo hakulia. Alihamia dawati la mlangoni, linaloangalia barabara, na kwa muhula mzima hakunyoosha mkono. Neno lile nilimfundisha mgeni mimi kwa kinywa changu, na mwenye darasa nilikuwa mimi. Mpaka leo nikisikia mtu anamwambia mtoto "nitarudi" nageuka kumtazama.

Sisi huku tumezoea kuwa upande wa wenyeji. Arusha, Moshi, Zanzibar, tumewaona wakija kwa makundi, wanacheza na watoto, wanapiga picha, wanakwenda zao, na sisi tunabaki barazani tukiwasema. Sasa mgeni ni wewe, na mwenye mtoto ni mama wa Kimorocco ambaye huenda hata hajui jina lako. Yale yote tuliyotamani wale wageni wayajue kabla hawajakuja kwetu, wewe unayajua tayari. Yatumie.

Kosa lako si kumpenda Yunus. Ulimwamkia mtoto mpweke kwa maneno aliyoyajua, na hilo hakuna atakayelifuta. Kosa ni hiyo "sí". Mtoto wa miaka sita hajui Februari ni nini, lakini anajua kabisa kama mtu amekuja au hakuja. Jumatano alikutafuta. Kila Jumatano anakutafuta, na Alhamisi ukitokea anakushika kwa nguvu zaidi kwa sababu hajui utapotea lini. Unadhani anakung'ang'ania kwa mapenzi tu. Nusu yake ni hofu.

Alhamisi hii nenda mapema, kabla ya saa tatu, uzungumze na mwalimu wake kwanza. Mwambie tarehe yako ya kuondoka na umwombe mlifanye hili pamoja, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki. Kisha chukua karatasi moja, mchore Yunus viduara, kimoja kwa kila siku utakayokuja. Ukiondoa likizo ya mwisho wa mwaka, nimehesabu havifiki 15. Ibandikeni ukutani ndani ya darasa, si kwenye ujia. Kila siku ukifika apake rangi kimoja. Akikuuliza "¿mañana vienes?" mpeleke kwenye karatasi mkahesabu. Kama kesho si siku yako, mjibu "no", kwa sauti ya kawaida, halafu umwoneshe ni lini. Mara ya kwanza atanuna. Mwache anune.

Kwa maneno yenyewe ya kuondoka, usitegemee Kiarabu cha madrasa. Darija, Kiarabu cha mazungumzo cha Morocco, ni mbali na kile tulichojifunza kwa ustadhi, na jambo kama hili halitaki kubahatisha. Mwombe mwalimu wake amwite mama mtu saa nane mchana anapokuja kumchukua mtoto. Mama aelezwe kwanza, yeye ndiye amweleze mwanawe kwa lugha yao. Usiseme utarudi, wala usiseme labda. Sema utaondoka kwa ndege, unakwenda kwa mama yako, na seño wake anabaki. Watoto wanaielewa sana safari ya kwenda kwa mama.

Sasa meza ya ujiani. Hiyo iondoke. Najua imewekwa kwa nia njema, lakini imemtoa mtoto mgeni nje ya mlango kila Jumanne na Alhamisi, na watoto wengine 22 wamejifunza kwamba Yunus ni wa nje. Andalucía, jimbo ulilopo, ina mpango wa serikali kwa ajili ya watoto kama yeye, unaitwa ATAL, madarasa ya muda ya kumzoesha mtoto lugha, na una walimu wake wenye mafunzo. Muulize mwalimu, kwa kutaka kujua tu: "Yunus anapata saa za ATAL?" Pengine anapata siku ambazo wewe hupo. Pengine ombi halijaandikwa, na swali lako litamkumbusha mtu kuliandika. Ukiondoka Februari ukiwa umeacha saa hizo zimepatikana, utakuwa umemfaa kuliko vitenzi vyote vya "ser" na "estar".

Ndani ya darasa wewe una kitu ambacho hata mwalimu hana, nacho hujakitaja. Hapo ulipo palitawaliwa na Waislamu tangu mwaka 711, na mji wa mwisho kuanguka, mwaka 1492, ni huohuo Granada. Kiarabu kilibaki ndani ya Kihispania kama kilivyobaki ndani ya Kiswahili. Waandikie ubaoni: azúcar. Kisha mwulize Yunus kwao wanaitaje. Atasema sukkar. Halafu wewe waambie: sukari. Chukua zeituni, maana vilima vya mkoa huo vimejaa mizeituni na kila mtoto hapo anaijua: aceituna, zitun, zeituni. Hata "hasta" yao ni "hata" yetu, shina moja. Ukimaliza hayo waoneshe mesa na meza, bandera na bendera, yaliyotufikia kwa Wareno, majirani zao. Niliwafanyia hivi watoto wa jirani kule Sevilla, wakashinda jioni nzima wakiniletea vitu kutoka jikoni kwao niwatajie majina. Lakini kwako faida kubwa ni nyingine: kwa nusu saa Yunus atakuwa ndiye anayejua na wenzake ndio wanaouliza.

Na mapumzikoni, saa tano na nusu, usikae naye benchi. Okota vijiwe ucheze mdako. Unahitaji kudaka na kuhesabu, basi, hauhitaji lugha. Anza na Yunus, ongeza wa pili, ongeza wa tatu, kisha nyanyuka ukazungumze na mtu. Yunus akikufuata, mrudishe kwenye zamu yake. Utaumia kidogo, nakwambia mapema, kwa sababu kupendwa na mtoto ni kutamu na siku atakapokusahau katikati ya mchezo utajisikia umenyang'anywa kitu. Siku hiyo kazi yako itakuwa imefanikiwa.

Kuhusu kuachiwa darasa, simama imara. Mimi niliyekwenda chini ya mwembe ndiye ninayekwambia. Mwalimu wako si mtu mbaya, amechoka na amekuona una akili. Lakini sheria ya Hispania ya kujitolea, ya mwaka 2015, inasema anayejitolea haingii mahali pa mfanyakazi anayelipwa, na inataka muwe na makubaliano ya maandishi na wewe uwe na bima. Itafute ile karatasi uliyosaini ofisini, uisome, uone kazi uliyopewa ni ipi. Mtoto akivunjika mkono wewe ukiwa peke yako, hutakuwa na pa kusimama, na mwalimu wako vilevile hatakuwa napo. Huna haja ya kumshtaki. Mwambie: "Seño, siku ile mtoto alipoanguka niliogopa sana. Sitaki kubaki nao peke yangu. Ukitaka fotokopi nitume mimi." Ukishasema "nitume mimi" umemwondolea aibu na umemwachia darasa lake. Akirudia, peleka kwa ofisi ya chuo iliyokupeleka. Hiyo ndiyo kazi yao.

Cheti cha polisi kisikuume. Hakikuletwa kwa ajili ya Mtanzania. Tangu 2015 kila anayekutana na watoto kila mara kwa kazi au kujitolea Hispania, awe mpishi wa shule au kocha wa mpira, anatakiwa kuonesha cheti kwamba hajawahi kuhukumiwa kwa makosa ya kijinsia, na raia wa nje huongeza kumbukumbu za polisi za nchi yake. Mhispania aliyezaliwa mtaa huohuo anadaiwa hicho cha kwanza kama wewe. Natamani kwetu tungekuwa wakali hivyo. Mgeni wangu wa Ulaya aliingia darasani na begi la mgongoni, hakuna aliyemuuliza kitu.

Tarishi wa Baltasar nimemfikiria zaidi ya siku moja. Wenzako wa bwenini wana historia nyuma ya hasira yao. Kwa miaka mingi, miji mingi ya huko ilimpaka Mhispania masizi usoni awe Baltasar, wakati Waafrika waliokuwa wakiishi mtaa uleule hawakuombwa. Watu weusi wa Hispania wamelisemea hilo mpaka miji kadhaa imebadilika na kumweka mtu mweusi wa kweli. Kwa hiyo kuombwa wewe si lazima kuwe dharau. Kunaweza kuwa heshima iliyochelewa, na kunaweza pia kuwa kwamba wamekuona wewe ni rangi ya kujazia pengo. Wewe uliye hapo ndiye unayejua wamekuombaje. Upande wa dini sina fatwa, muulize unayemwamini. Granada pana msikiti mtaa wa Albaicín, usikose kuwauliza akina mama wa pale ambao nao wana watoto kwenye shule hizohizo.

Ila mimi ningekataa, kwa sababu ya kiualimu ambayo hakuna aliyekutajia. Tarishi anakuja kupokea barua za watoto wanaoamini kwamba ametoka mbali kwa Mfalme. Hawa wanakujua sauti, wanakujua "pero" yako. Ukiingia na kilemba, mmoja atapaza sauti "¡Es la seño!", ni seño huyu, na barua za darasa zima zitaharibika. Mwambie mwalimu hivyohivyo: watanitambua. Ni kweli, na hakutamuumiza mtu. Kisha ujitolee kwa jingine: tarehe 30 Januari shule za Hispania huadhimisha siku ya amani, iliyoanzishwa 1964 na mwalimu na mshairi wa kisiwa cha Mallorca, Llorenç Vidal, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Gandhi. Watoto hukata njiwa wa karatasi na hukusanyika uwanjani. Omba uwaandikie "amani" kwenye njiwa, na Yunus aandike la kwao kwa herufi zake. Itakuwa siku zako za mwisho pale. Karatasi ya viduara itakuwa imebakiza kimoja au hakuna, kila mtoto atakuwa anajua kwa nini, na kuaga hakutakuwa ghafla.

Siku ya kuaga usimpe Yunus peke yake zawadi. Wape darasa kitu kimoja cha wote, hata hivyo vijiwe vya mdako kwenye kopo lenye kifuniko.

Nimebakiza jambo ambalo hukuuliza. Picha. Kwa sheria ya Hispania ya mwaka 2018 mtoto chini ya miaka 14 hawezi kuridhia mwenyewe picha yake itumike, mzazi ndiye anayeridhia, na ruhusa aliyopewa shule si ruhusa ya stetasi yako. Kati ya watoto hao 23 humjui ambaye mama yake anamficha kwa baba mtu. Na zaidi ya sheria, kumbuka ulivyokuwa ukijisikia ukiona picha za watoto wa kwetu, wenye kamasi na sare zilizochanika, kwenye simu za wageni waliowajua kwa miezi miwili. Mama yako umpigie, umweleze, naye awafutie majirani. Zako zifute leo kabla hujalala.